Kijiko Kimoja cha Uji

Masomo: 2 Wafalme 4:38-41, Mathayo 4:5-7, Warumi 14:13-21

Somo la juma hili naliandika kutokana na jambo nililolificha kwa muda mrefu kwa sababu ya aibu.

Binti yangu ana mzio wa njugu karanga, ile wengi tunaita aleji. Tulijua akiwa bado mdogo, alipolamba siagi ya njugu akavimba midomo na macho. Daktari alituambia wazi: asionje njugu kabisa. Mwili wake unaiona njugu kama adui, na vita vya kumfukuza huyo adui vinaweza kumuua mtoto mwenyewe.

Siku moja tulikuwa kwenye ushirika wa nyumbani. Mwenyeji wetu, mama ninayemheshimu sana, akaleta uji. Nikauliza kama unga una njugu. Akacheka. "Mama, mbona unamdekeza mtoto hivi? Sisi tumelelewa na njugu na tuko hapa. Ni kidogo tu." Ndugu mmoja akaongeza, "Dada, chakula kimeshaombewa. Mpe kwa imani." Akanikumbusha Marko 16:18. Wote wakanitazama.

Wacha niseme ukweli. Sikumpa mtoto ule uji kwa imani. Nilimpa kwa haya. Niliogopa kuonekana mwenye maringo, tena asiyemwamini Mungu.

Alikunywa kijiko kimoja. Muda si muda akaanza kujikuna shingo, akatapika, sauti ikakauka, kifua kikawa kinapiga filimbi. Yule yule ndugu ndiye aliyetukimbiza hospitali kwa gari lake, akiomba njia nzima. Wakamdunga sindano ya adrenalini pajani, na baada ya dakika chache pumzi ikarudi. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Mama, si ulijua?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo Bwana amenifundisha mambo matatu.

1. Kupaza sauti si kukosa imani

Kule Gilgali, wakati wa njaa, mtu mmoja alichuma matango-mwitu akayakatia chunguni. Hakuwa na nia mbaya; hakujua tu alichochuma. Walipoonja, wakapiga kelele. Sasa angalia Elisha. Hakuwaambia, "Nyamazeni, kuleni kwa imani." Hakuwaambia wanadeka. Aliwaamini, akaagiza unga, na chakula kikawa salama. Kama wangenyamaza kwa kuogopa kumuudhi mpishi, wangekufa kwa adabu. Mimi nilinyamaza. Mzazi mwenzangu, usinyamaze.

2. Imani haimjaribu Mungu

Ni kweli Paulo aliumwa na nyoka kule Melita asidhurike (Matendo 28:3-5). Lakini Paulo alikuwa anaokota kuni. Hakwenda kutafuta nyoka. Shetani alipomtaka Bwana wetu ajirushe kutoka juu ya hekalu, alitumia Maandiko, na Yesu akakataa. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Kula tu, Mungu atakulinda," kumbuka kwamba Yesu mwenyewe hakuruka.

3. Upendo huanzia mezani

Katika Warumi 14 Paulo anazungumzia dhamiri, hazungumzii aleji. Lakini kanuni yake inatufaa: chakula changu kisimwangamize ndugu ambaye Kristo alimfia. Kama Paulo alikuwa tayari kuacha nyama kabisa kwa ajili ya dhamiri ya mwenzake, sisi tutashindwa kuacha njugu jioni moja kwa ajili ya pumzi ya mtoto?

Upendo huo tuuonyeshe hivi:

- Tusiseme "ni kidogo tu". Mwiko uliokoroga mchuzi wa njugu unaweza kutosha kuleta madhara. Kuzipika au kuziokota kwenye sahani hakusaidii.
- Ukiulizwa chakula kina nini, sema ukweli. Kama hujui, sema hujui. Unga wa uji wa mchanganyiko mara nyingi huwa na njugu.
- Usimpe mtu kwa siri ili uone kama "ni ya ukweli". Hiyo ni hatari kubwa.
- Mtu akivimba koo au ulimi, akishindwa kupumua, au akizimia baada ya kula, mpelekeni hospitali mara moja. Mlazeni; akipumua kwa shida, akae. Asitembezwe. Vidonge vya aleji na maziwa haviwezi kuchukua nafasi ya adrenalini. Ombeni, lakini ombeni mkiwa njiani.

Yule mama mwenyeji alikuja kwangu juma lililofuata. Tulilia pamoja, nami nikamwomba msamaha pia, kwa sababu mlinzi wa yule mtoto nilikuwa mimi. Siku hizi ana sufuria moja ambayo haijawahi kuguswa na njugu. Binti yangu anaiita "sufuria yangu".

Bado tunamwombea uponyaji, na hatutaacha. Yesu aliwatuma wale kumi wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Vivyo hivyo, siku Bwana atakapomgusa binti yangu, tutampeleka kwa daktari apimwe. Mpaka siku hiyo, nitauliza kilichomo kwenye sufuria, na sitaona haya tena.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Je, kuna mtu kati yetu ambaye tumemfanya aone haya kusema "hiki siwezi kula"?
2. Ni wapi tumeita imani kitu ambacho kwa kweli kilikuwa kuogopa macho ya watu?
3. Kabla ya chakula cha pamoja kijacho, nani atawauliza wageni wasichoweza kula?

Tuombe: Baba, tupe masikio ya kumwamini mwenzetu anaposema anaumia, na ujasiri wa kusema ukweli mezani. Katika jina la Yesu, amina.