Waziri Mkuu na Bunge

Wasomaji wetu wengi hudhani ya kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza huchaguliwa na watu wote. Sivyo. Mfalme ndiye amwitaye, naye humwita yule awezaye kutegemewa na wajumbe waliochaguliwa na watu. Mawaziri huketi mle mle Bungeni na kuulizwa habari za kazi yao. Wasipoaminiwa tena, hawana budi kuondoka au kutaka uchaguzi mpya.

Na tutazame mwezi wa Mei 1940. Wajumbe walijadiliana siku mbili juu ya vita vya Norway, vilivyokwenda vibaya. Kura zilipohesabiwa, upande wa Neville Chamberlain ulipata 281, na wapinzani 200. Je, hakushinda? Kwa hesabu, alishinda. Walakini wajumbe zaidi ya 30 wa upande wake mwenyewe walikuwa wamempinga, na wengine wengi hawakupiga kura. Akataka kuunda serikali ya vyama vyote. Chama cha Labour kikakataa kutumika chini yake. Ndipo tarehe 10 Mei akajiuzulu mbele ya Mfalme George VI, na jioni ile ile akaitwa Winston Churchill. Raia hawakupiga kura hata moja. Naye Chamberlain akakubali kuwa waziri chini ya Churchill, ambaye siku ile asubuhi alikuwa waziri wake.