Cheni, Top na Taimingi: Amri kwa Anayefunga Injini ya Datsun ya Zamani

Maagizo haya ni ya mwenye Datsun 1600 au 240Z ambaye injini imeshushwa, bloku imerudi kutoka kuchongwa, na sasa vyuma vimetandazwa mezani vikisubiri kufungwa. Injini ya 1600 ni L16, ya 240Z ni L24. Ni ndugu wa tumbo moja: silinda za milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7, hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, kamshafti moja juu ya hedi, ikivutwa na cheni. L16 ina silinda nne na sentimita za ujazo 1,595. L24 ina sita na 2,393. Basi ukijua kufunga moja, ya pili haikutishi.

Kwa Afrika Mashariki gari hizi si ngeni. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1970 kwa 1600 SSS, akarudia 1971 kwa 240Z, na 1973 Shekhar Mehta akaitwaa kwa 240Z vilevile. Sifa hiyo ndiyo inayowafanya watu wazifufue hadi leo, na ndiyo inayowafanya baadhi ya mafundi wajigambe kwamba Datsun wanaifunga wakiwa wamefumba macho. Kamshafti haifungwi hivyo. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na valvu zote hufuata amri ya mzunguko huo. Kamshafti ikichelewa, valvu ya kuingiza hewa inakawia kufunga wakati pistoni imeshaanza kupanda, na mchanganyiko wa hewa na petroli unasukumwa kurudi ulikotoka. Gari inakuwa nzito mlimani, mwenye gari analaumu karbureta, karbureta inafunguliwa mara tatu bila kosa lolote.

Usiamini alama ya puli. Puli ya mbele ya L24 ina mpira kati ya kitovu na pete ya nje. Mpira ukizeeka pete huteleza, na alama huhama nayo. Inaendelea kuonekana safi, inasomeka vizuri, nayo inadanganya.

Tafuta top ya kweli ya silinda namba moja, yaani pale pistoni inapofika juu kabisa. Wala usiitafute kwa kuingiza bisibisi kwenye tundu la plagi na kungoja iache kupanda. Pistoni ikikaribia juu hukawia. Krenki inaweza kuzunguka digrii kadhaa huku bisibisi haijatikisika. Hiyo ni nafasi tosha ya kuharibu kazi nzima.

Funga gurudumu la digrii kwenye krenki na mshale wa waya mgumu kwenye bloku. Kama hedi haijapanda, kaza kipande cha bapa juu ya silinda, chenye bolti katikati inayoshuka kidogo ndani, ili pistoni igote kabla ya kufika juu. Zungusha krenki kwa mkono, polepole, hadi pistoni iguse bolti. Soma. Rudi upande wa pili hadi iguse tena. Soma. Tuseme upande mmoja gurudumu limesoma 24 na wa pili 30: mshale wako umekosea kwa digrii 3. Usogeze mpaka pande zote mbili zisome 27. Sasa sifuri ya gurudumu ndiyo top, na hakuna mtu wa kubishana nawe. Kisha toa kizuizi. Anayekisahau mle ndani akaja kupiga stata, pistoni mpya itakuwa ya kutupa.

Usizungushe kamshafti peke yake huku pistoni ziko juu. Hedi ikishapanda na rokaa zipo mahali pake, kuna valvu zilizo wazi wakati wote. Ukilazimisha kamshafti, valvu zitagonga pistoni na kupinda. Pia usizungushe krenki peke yake kwa kisingizio cha kuitafutia nafasi. Kabla ya kupandisha hedi, weka krenki kwenye top, na weka kamshafti hivi kwamba zile nundu mbili za silinda namba moja zimesimama juu, kushoto na kulia, kama masikio ya sungura. Hapo valvu zote mbili za namba moja zimefungwa. Ukiziona nundu zimeinama chini, uko kwenye top isiyo yake.

Usilegeze minara inayoshika kamshafti. Hili limeua hedi nyingi nzuri. Matundu ya minara ile yalichongwa kwa pamoja, yakiwa yamefungwa kwenye hedi hiyohiyo, ili yawe katika mstari mmoja. Ukiifungua kwa ajili ya kuosha, utairudisha lakini mstari hutaurudisha kwa urahisi. Kamshafti itakuwa nzito kuzunguka, na utaanza kuisugua kwa msasa, jambo ambalo ni aibu. Osha minara ikiwa palepale ilipo.

Kuna hali moja tu ya kuifungua: hedi imechongwa sana na fundi wa mashine anaweka shimu chini ya minara. Sababu ni hii. Hedi ikishuka, kamshafti inaisogelea krenki. Upande wa cheni unaovuta, ambao ukisimama mbele ya injini uko mkono wako wa kulia, unapungua umbali, na kamshafti inabaki nyuma. Cheni iliyochakaa na kurefuka huleta kasoro ileile. Hedi iliyochongwa na cheni ya zamani vikikutana kwenye injini moja, usishangae gari kukosa nguvu.

Tumia cheni ya injini yako. L20B ni nduguye L16 lakini bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu, na cheni yake ni ndefu pia. Muuza spea akikwambia "zote ni Datsun", mrudishie.

Zuia tenshena kwa kabari ya mbao kabla ya kushusha sproketi ya juu. Usijiulize kama kuna haja. Kabari hiyo ni kipande cha mbao kilichochongwa kuelekea chini, kinashuka katikati ya pande mbili za cheni na kuibana dhidi ya tenshena. Bila hiyo, mara tu sproketi ikilegea, pistoni ndogo ya tenshena inachomoka kwa springi yake na kuangukia ndani ya kava la mbele. Hutaiona, hutaifikia kwa sumaku, na kama ulitaka kubadilisha gasketi ya hedi tu, sasa utafungua puli, kava na karibu kila kilicho mbele. Funga kamba kwenye kabari ili nayo isije ikazama. Chonga mbao ngumu. Mbao laini inaacha vipande kwenye oili.

Unapofunga upya, sogeza tenshena mpaka pistoni yake isiwe imetokeza nje ya mwili wake. Mafundi wengi huiacha imetoka nusu kwa kudhani cheni itakaza vizuri zaidi. Wanachofanya ni kumaliza akiba yake siku ya kwanza.

Oanisha pingili zenye rangi na alama za sproketi, halafu zisahau. Cheni mpya ina pingili mbili zinazong'aa: moja hukaa kwenye alama ya sproketi ya krenki, nyingine kwenye ya kamshafti, kwa namba ya tundu ulilochagua kati ya matundu matatu yanayoelezwa hapa chini. Ukishazungusha injini, pingili hizo zitahama, na itakulazimu kuzungusha mara nyingi sana kabla hazijarudi. Usiifungue injini kwa sababu hiyo. Kila mwaka kuna mtu anayezungusha mara mbili, anaona alama "zimepotea", anavua kila kitu na kukosea alichokuwa amepatia.

Jua kazi ya matundu matatu. Sproketi ya juu ina matundu 1, 2 na 3 ya pini ya kamshafti, na kila tundu lina alama yake ya cheni. Kutoka 1 kwenda 2 unawahisha kamshafti kwa digrii 4 za krenki. Kutoka 2 kwenda 3, digrii 4 nyingine. Usijaribu kurekebisha kwa kurusha cheni jino. Jino moja la sproketi ya kamshafti ni karibu digrii 18 za krenki, na hiyo si marekebisho tena. Ukihamia tundu la 2, tumia alama ya 2. Kuchanganya tundu la 2 na alama ya 1 ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwenye injini hizi, na kila ninayemwonyesha hudai alikuta hivyohivyo.

Kagua mkato wa nyuma ya sproketi. Weka namba moja kwenye top ya kubana. Nyuma ya sproketi kuna mkato mdogo, na kwenye bamba lililo mbele ya mnara wa kwanza kuna mfereji mfupi. Mkato ukiwa ndani ya mfereji, vizuri. Ukiwa umebaki kushoto kwake, kamshafti imechelewa: nenda tundu linalofuata. Ukiwa tundu la 3 na bado uko kushoto, cheni imekwisha. Nunua mpya.

Jihadhari: ukaguzi huo unahusu cheni tu. Kamshafti iliyochongwa upya, au ya mbio, nundu zake zinaweza kuwa zimehama kwenye mhimili huku pini ikibaki palepale. Mkato utakaa katikati ya mfereji kwa adabu kabisa na taimingi iwe mbovu.

Kwa kamshafti ya namna hiyo, pima nundu yenyewe. Weka dayal geji juu ya valvu ya kuingiza ya namba moja, ikisimama sambamba na mti wa valvu. Zungusha krenki kwa upande injini inakozunguka, yaani kufuata mshale wa saa ukiitazama kwa mbele. Chagua kina kimoja kabla ya valvu kufika mwisho wa kufunguka, na usome gurudumu. Endelea, na valvu ikianza kurudi soma tena kwenye kina kilekile. Ukipata digrii 46 na 170 baada ya top, jumlisha ugawe kwa mbili: kilele cha nundu ni 108. Linganisha na karatasi ya aliyeichonga. Hana karatasi? Usimlipe.

Ukipitiliza kipimo, usirudi nyuma kidogo na kusoma. Rudi robo mzunguko kisha uje upya kwa mbele, la sivyo utakuwa unapima ulegevu wa cheni.

Kaza bolti ya sproketi kwa spana ya toki, kilogramu-mita 12 hadi 16. Zuia krenki kwenye meno ya flaiwili. Usishike kamshafti kwa koleo kwenye nundu. Alama ya koleo italiwa na rokaa, na rokaa italiwa nayo.

Usisahau mti wa pampu ya oili. Ndio unaozungusha distributa. Namba moja ikiwa top ya kubana, mfereji wa kichwa cha mti ule uelekee kama mishale ya saa 5 na dakika 25, huku kipande kidogo cha nusu mwezi kikiwa upande wa mbele. Ukiukosea, taimingi ya plagi itahama na watu watarudi kuilaumu kamshafti.

Weka nafasi za valvu mwisho, siyo mwanzo. Injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa kuingiza na 0.25 kwa kutolea; ikiwa moto, 0.25 na 0.30. Kila rokaa irudi kwenye nundu yake iliyozoeana nayo. Kamshafti ikiwa mpya, rokaa ziwe mpya.

Zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, plagi zikiwa nje. Ikigota popote, acha. Usiongeze bomba kwenye spana.

Ukiwasha, usiiache injini ikae sailensi, yaani kwenye mzunguko wake wa chini. Pasha kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika 20, kwa sababu nundu mpya zinahitaji oili ya kurushwa, na kwenye sailensi haitoshi. Na mwenye gari akija na marafiki zake kutaka kusikia mlio wa kwanza ukipandishwa mpaka juu, mwambie akae nje ya gereji hadi dakika hizo ziishe.

Kabla hujafunga kava la juu, andika namba ya tundu kwa kalamu ya chuma upande wa ndani wa kava, pamoja na tarehe. Fundi atakayelifungua baada yako atajua cheni imebakiwa na tundu lipi.