Mshahara wa Mwanamke Shamba la Maua: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya ni kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha, ambao wengi wao ni wanawake, na kwa wale wanaokwenda kuwasemea mbele ya mwajiri.

Usianze kwa kuuliza mwenzako analipwa ngapi. Uliza kwanza kazi yako imewekwa daraja gani. Wenye daraja moja mara nyingi hulipwa sawa. Mwanamke hupunjwa mapema zaidi, siku ya kuajiriwa, anapopelekwa kuchambua na kufunga maua kwa kuwa hiyo inahesabiwa kazi nyepesi, huku mwanamume akipewa pampu ya dawa au mtambo na kuitwa fundi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, haiishii kwenye kazi ileile. Inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kusimama kutwa kwenye baridi, kupanga mashina kwa urefu, kutambua ugonjwa kwenye jani kabla sanduku halijafungwa: huo ni ujuzi, na udai uandikwe kuwa ujuzi. Usikubali kusifiwa mikono myepesi huku ukiachwa daraja la chini.

Jiunge na chama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Pasipo idadi hiyo, mwajiri hana wajibu wa kuketi nanyi.

Usikubali kuwa kibarua miaka nenda miaka rudi. Mashamba huongeza watu kabla ya Februari 14, kisha huwapunguza, na mjamzito huwa wa kwanza kuambiwa msimu umekwisha. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Andika tarehe zako kwenye daftari. Tunza kila hati ya malipo.

Usinyamaze supavaiza anapotaka mwili wako ndipo akupe ovataimu. Huo ni wizi wa mshahara na ni udhalilishaji. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kuwa na sera ya maandishi dhidi ya udhalilishaji huo. Itake uione.

Sasa nanyi viongozi wa chama. Msiende mezani wanaume watupu halafu mseme mmewakilisha shamba zima. Msidai asilimia ileile kwa wote mkadhani mmetenda haki. Tuseme wa chini anapata shilingi 12,000 na wa juu 24,000: nyongeza ya asilimia 10 inampa wa kwanza 1,200 na wa pili 2,400. Pengo lilikuwa 12,000, sasa ni 13,200, na nyinyi ndio mliosaini. Daini kiasi kimoja cha fedha kwa wote, au asilimia kubwa zaidi kwa madaraja ya chini.

Daini pia takwimu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamtaka mwajiri akipe chama taarifa zote zinazohitajika kwa majadiliano. Takeni orodha ya mishahara kwa daraja na kwa jinsia. Kesi ya ubaguzi ikifika mahakamani, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua, kwa hiyo msimwogope.

Na msiuze nafasi ya kunyonyesha wala usafiri wa usiku ili mpate nyongeza ndogo. Nimechoka kusikia hayo yakiitwa mambo ya akina mama, yanayoweza kusubiri mkataba ujao. Anayetembea gizani kurudi nyumbani hana uwezo wa kusubiri.

Mkataba wa pamoja ukisainiwa, hakikisheni umesajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, maana kabla ya hapo hautekelezeki kisheria. Kila mfanyakazi apate nakala, atafute daraja lake, na alilinganishe na hati ya malipo ya mwezi unaofuata.