SOMO: Shamba la jamaa linaweza kuwa shule ya amani



Katika somo hili tunazungumzia kilimo cha kijamii. Maana yake ni hii: jamaa yenye shamba inampokea mtu aliyeumizwa na maisha, awe mgonjwa wa akili, mlemavu, mjane aliyekimbia vita au kijana aliyetoka porini, naye anashiriki kazi za kila siku pamoja nao. Hapokewi kama mgonjwa wala kibarua, bali kama mtu wa nyumba.

Jambo hili si geni duniani. Katika mji wa Geel, Ubelgiji, jamaa zimewapokea wagonjwa wa akili nyumbani kwa mamia ya miaka. Italia ilitunga sheria namba 141 mwaka 2015 inayotambua kazi hiyo ya wakulima. Kwetu mashariki mwa Kongo, tangu vita vya 1996 jamaa nyingi zimewalaza wakimbizi wa ndani majumbani mwao. Basi tunajifunza kupanga vizuri jambo ambalo tayari tunalijua.

Mfano kutoka kilima kimoja

Jamaa moja tunayoitembelea Kivu ya Kusini ina shamba dogo la muhogo na maharagwe, kipande cha miti ya grevilea juu ya shamba, mbuzi watano na kuku. Ilimpokea kijana aliyeacha silaha. Siku ya kwanza baba wa nyumba hakumpa jembe, alimkabidhi mbuzi. Mnyama hamuulizi mtu alitoka wapi. Anataka majani na maji, asubuhi na jioni. Kijana aliyezoea kuamriwa alianza kuamka mwenyewe kwa sababu kuna anayemtegemea. Kule mitini alikata matawi ya kuni, na kila mti uliokatwa alipanda mche mahali pake, maana miti ndiyo inayoshika udongo usiteremke.

Ugumu ulikuwa kwa majirani. Mjane mmoja aliporwa mbuzi wake wote wakati wa vita, naye hakutaka kumwona kijana huyo njiani. Mbuzi hubeba mimba karibu miezi 5. Mtoto wa kwanza alipozaliwa na kuachishwa ziwa, wazee walipatana apewe mjane, na kijana mwenyewe ampeleke. Mama alipokea mbuzi, lakini hakumsalimu aliyemleta. Majuma kadhaa baadaye mbuzi aliharisha, naye akamtuma mtoto wake kumwita kijana. Huo si msamaha bado, ila mlango umefunguka kidogo.

Mambo ya kuzingatia

1. Mtu mmoja au wawili kwa jamaa moja watosha.
2. Mgawanyo wa mavuno upatanwe mapema mbele ya mashahidi. Bila hivyo, ni kazi ya bure yenye jina zuri.
3. Waliodhulumiwa waulizwe kabla ya kumleta aliyeshika silaha. Sisi tulikosea hapo: mjane alipata habari wakati kijana amekwisha kufika.
4. Shamba halichukui nafasi ya muganga. Asiyepata usingizi au anayetamani kufa apelekwe kituo cha afya.

Maswali ya mazungumzo

- Katika kijiji chenu, nani hana mahali pa kurudi?
- Ni jamaa gani inaweza kumpokea, na itahitaji msaada gani?
- Nani aulizwe kwanza?

Jadilianeni katika vikundi vyenu, wanawake na vijana wakiwemo. Chagueni jamaa moja, muanze na kazi moja ndogo.