Mpe Simba maini, lakini chemsha kwanza!



Ni sikukuu. Umefunga shule na uko nyumbani, Njombe. Mbuzi amechinjwa nyuma ya nyumba, moshi unafuka jikoni, na Simba, mbwa wenu, amekaa karibu akimeza mate. Bibi anaangalia mapafu, anaona kifuko cheupe kimejaa maji. "Mjukuu wangu, hili bovu. Mtupie mbwa huyo, yeye hachagui."

Unanyoosha mkono umrushie. Hebu ngoja kwanza! Kitendo hicho kidogo kinaweza kumletea ugonjwa mdogo wako anayecheza na Simba kila siku.

Ndani ya kifuko kuna nini?

Kifuko hicho kinaweza kuwa cha ugonjwa wa hidatidi. Hukaa zaidi kwenye maini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe na hata nguruwe. Kinaweza kuwa kidogo kama njegere au kikubwa kama chungwa. Ndani ya maji yake kuna vichwa vingi vya tegu mchanga, vidogo mno.

Sasa fuata safari hii hatua kwa hatua:

1. Mbwa anakula kifuko kibichi. Vile vichwa vinajishika kwenye utumbo wake na kukua kuwa tegu wazima. Kila mmoja hauzidi milimita 7.

2. Baada ya wiki 6 au 7 hivi, mayai ya tegu yanaanza kutoka na kinyesi cha mbwa. Mengine yanaganda kwenye manyoya yake.

3. Mbuzi au kondoo anakula majani yenye mayai. Kifuko kinaota ndani yake, na safari inaanza upya.

4. Binadamu naye anameza mayai bila kujua: kwa mikono michafu baada ya kumshika mbwa, kwa mboga zisizooshwa, au kwa maji machafu.

Umeona? Binadamu hapati hidatidi kwa kula ile nyama. Anaipata kwa mayai yanayotoka kwa mbwa. Kumbe ukimlisha mbwa vibaya, unajilisha mwenyewe!

Kwa binadamu kifuko hukua polepole, pengine miaka mingi bila dalili. Baadaye mtu anaweza kuumwa tumbo upande wa ini, kuvimba, au kukohoa na kuumwa kifua. Kikipasuka ndani ni hatari kubwa. Hospitali hukitafuta kwa kipimo cha picha, kisha daktari anaamua kati ya dawa na upasuaji.

"Mbona Simba ana afya tu?"

Ndiyo, na hapo ndipo tunapodanganyika. Mbwa mwenye tegu hawa mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Hatusemi kila mbwa wa Njombe au Makambako anao. Tunasema kwa macho huwezi kujua.

Usichanganye na tegu wa nguruwe, ambaye anajulikana sana huku Nyanda za Juu Kusini. Yule mkubwa anaishi kwenye utumbo wa binadamu, siyo wa mbwa. Kinga yake ni kutumia choo, kufungia nguruwe bandani na kupika kitimoto mpaka iive.

Basi tumlisheje?

Ini, moyo, figo na mapafu ni chakula kizuri kwa mbwa. Fanya hivi:

- Kata vipande vidogo, chemsha. Maji yakishatokota, hesabu dakika 40. Usitegemee baridi ya usiku ya Njombe kuua vijidudu.
- Usiweke vitunguu, vinamdhuru mbwa. Changanya na ugali.
- Ini mpe kidogo kidogo. Likizidi kila siku, vitamini A inamdhuru.
- Ukiona kifuko, usikitoboe. Choma kiungo chote, au kifukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.
- Makambako mjini, ukinunua bucha, uliza kama nyama imekaguliwa. Usiokote mabaki ya machinjioni kwa ajili ya mbwa.
- Osha mikono kwa sabuni ukishamshika mbwa. Usimwache akulambe mdomoni.
- Muulize afisa mifugo kuhusu dawa ya prazikwanteli. Ndiyo hiyo hiyo inayotibu kichocho, lakini vidonge ulivyopewa shuleni usimpe mbwa! Kipimo kinatokana na uzito wake. Dawa haiui mayai, kwa hiyo kinyesi chake kizoe kwa jembe ukifukie.

Wengine waliweza

Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya sehemu zilizowahi kuonekana na wagonjwa wengi zaidi wa hidatidi duniani. Kuanzia 1983 shirika la AMREF liliendesha huko mpango wa kuudhibiti, pamoja na kutibu mbwa na kuelimisha watu. Nchini Tanzania ugonjwa umeonekana kwa wafugaji wa Ngorongoro.

Na huko Iceland? Mwaka 1863 mtaalamu Harald Krabbe alichunguza mbwa 100, akakuta 28 wana tegu hawa. Mwaka 1864 kijitabu cha maelezo kikagawiwa bure kila nyumba. Watu wakasoma, wakaacha kuwapa mbwa viungo vibichi, na baadaye ugonjwa ukatokomezwa. Kusoma kulisaidia!

Jipime: kweli au si kweli?

1. Mbwa mnene hawezi kuwa na tegu.
2. Binadamu hupata hidatidi kwa kumeza mayai yatokayo kwa mbwa.
3. Mapafu yenye kifuko yatupwe shambani.

Majibu: 1. Si kweli. 2. Kweli. 3. Si kweli, yachomwe au yafukiwe.

Sasa rudi kwa bibi. Usimbishie mbele ya wageni. Mwambie taratibu: "Bibi, hili tulifukie, Simba nitamchemshia vipande vizima." Halafu chukua jembe wewe mwenyewe.