Somo la Afya: Aspirini ya Kila Siku



Somo letu la safari hii lahusu kidonge tunachokijua sote: aspirini. Wabeba magunia ya mpunga hapa Namatala, wakata miwa wa upande wa Jinja, na sisi wa mashine viwandani, wengi twameza asubuhi ili tuanze kazi, na jioni ili tupate usingizi. Kumeza siku moja kwa maumivu ya kichwa si kosa. Hatari ni kukifanya kidonge kuwa chakula cha kila siku.

Aspirini hufanya nini mwilini?

Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alieleza jambo hili. Mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huchochea maumivu na homa, lakini pia hulinda ukuta wa ndani wa tumbo usiunguzwe na asidi. Aspirini huzipunguza zote pamoja, nzuri na mbaya. Tena hupunguza nguvu ya damu kuganda kwa siku 7 hadi 10. Hivyo tumbo hupata vidonda, na kidonda kikitoa damu hakikomi upesi.

Damu huweza kuvuja kidogo kidogo bila maumivu. Mfanyakazi hupungukiwa damu, hujiona mchovu, naye hununua kidonge kingine. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wajihadhari zaidi wazee, wajawazito, wenye vidonda vya tumbo, pumu au figo mbovu, na wanywaji wa malwa na waragi. Mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe ila kwa amri ya daktari.

Wapo waliopewa na daktari aspirini ndogo ya kila siku kwa kuwa walipata kiharusi au mshtuko wa moyo. Hao wasiiache bila kumwuliza. Lakini mwenye afya asijianzie mwenyewe. Utafiti wa wazee wenye afya zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa haikuwapa miaka zaidi ya afya njema, bali iliwaongezea kutoka damu.

Je, dawa za asili?

Wengine husema, "Tuache kidonge, tutumie mizizi na maganda." Tukumbuke kuwa aspirini yenyewe ilitokana na elimu ya ganda la mti wa Ulaya uitwao willow, kiwandani ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1897. Kwa hiyo kitu kutoka mtini si lazima kiwe salama. Chai ya tangawizi huwatuliza wengine, lakini haiponyi mgongo ulioumizwa na mzigo. Na kubadili aspirini kwa diklofenaki au ibuprofeni si kubadili kitu: ni ukoo mmoja, na tumbo huumia vile vile.

Tufanye nini basi?

Maumivu ni mjumbe. Tukimnyamazisha kila siku, hatutajua alileta habari gani. Homa ipimwe malaria. Kichwa cha kila siku kipimwe presha na macho. Mgongo upewe kitambaa cha maji ya moto na mapumziko, na gunia zito libebwe na watu wawili. Kwenye joto tunywe maji mengi. Parasetamo ni nafuu kwa tumbo, ila isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, maana huharibu ini.

Tujue pia haki yetu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mgonjwa aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Amjulishe mwajiri mapema, na akitakiwa alete cheti cha daktari. Anayemeza kidonge kwa kuogopa kukatwa mshahara ailete habari hiyo kwa mwakilishi wa chama.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Ni wangapi kati yetu humeza vidonge kila siku, na kwa maumivu gani?
2. Magunia yetu yana kilo ngapi, na nani huyapima?
3. Maji ya kunywa yako hatua ngapi kutoka mahali pa kazi?

Majibu yaandikwe na kupelekwa kwenye mkutano na mwajiri. Dawa ya kwanza ya mgongo ni kupunguza mzigo.