Kura za maoni zikigombaniwa, rufaa inakwenda wapi?

SWALI: Wakili, mtu akiongoza kura za maoni za ubunge, kisha chama kikarudisha jina la mwingine, anaweza kukata rufaa ya haraka Mahakama Kuu, Songea?
Msomaji, Mbamba Bay

JIBU: Lami ya kupitia Mbinga itamfikisha Songea mapema. Shauri lake ndilo litakalochelewa. Sheria zetu hazina njia maalumu ya haraka kwa migogoro hiyo. Rufaa yake ni ndani ya chama, kwa kanuni za chama. Ndani ya CCM, kwa mfano, kuongoza kura hakumpi mtu tiketi: vikao vya juu ndivyo huteua. Mwaka 2025 kura hizo zilipigwa 4 Agosti, na uteuzi wa Tume ya Uchaguzi ukawa 27 Agosti. Kesi gani ya kawaida itakwisha katika siku hizo?

Mahakama haijafungwa kabisa. Januari 2014 mbunge Zitto Kabwe alipata zuio dhidi ya chama chake, Chadema, kujadili uanachama wake, lakini shauri lilikwisha Machi 2015, naye akashindwa.

Wakenya wana baraza maalumu la migogoro ya vyama, chini ya sheria ya 2011. Mlalamikaji huanzia chamani, kisha barazani, na rufaa huenda Mahakama Kuu. Nasi tungelihitaji.

Pingamizi kwa msimamizi wa uchaguzi ni jambo jingine: hupima sifa za aliyeteuliwa, si hesabu za chama. Kwa hiyo mwambie aandike malalamiko chamani leo, aambatanishe fomu za matokeo na adai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.